Mkaidi wa Nyuma ya Gereji

3 Machi

Mdogo wangu, Mama Panya,

Salamu zitangulie, majigambo yafuate. Nimekutundika ukutani. Usishtuke, ni picha yako tu. Bosi alikuja Jumatatu na gazeti kwapani, akaita gereji nzima, wapiga rangi, wanyoosha bodi, hata mlinzi wa getini, akasoma kwa sauti: "Mtafiti agundua mmea wa jangwani unaolinda ini dhidi ya sumu." Halafu akauliza nani anamjua huyu mtafiti. Nikajifanya napiga msasa mlango wa gari mpaka watu wote wakawa wananiangalia mimi. Nikasema, "Huyo nimembeba mgongoni." Wee, nilivyopigiwa makofi utadhani wale panya wa maabara nimewalea mimi.

Sasa uko kwenye chumba cha kupulizia rangi, juu ya kabati. Rangi nyekundu imekurukia kidogo shavuni lakini bado unatambulika.

Habari kubwa ni kwamba Bosi ameleta birika la umeme, lile la kuchemshia watu wengi, na gunia la majani makavu kutoka huko kwenu jangwani. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika bomba la rangi, anakunywa kikombe cha mmea wako. Wewe una jina lake refu la kitabuni, sisi tunauita mkaidi, kwa kuwa unaota juu ya jiwe pasipo na tone la maji. Msimamizi wa chai ni mimi, na ufunguo wa kabati ninao mfukoni. Wengine wanakunja uso, maana ni mkali, unakausha ulimi kama umelamba chaki. Nawaambia kunyweni, dada yangu hakosei.

Ile feni kubwa ya kutoa mvuke wa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, ilikufa mwezi uliopita. Bosi amesema fundi atatafutwa, ila hakuna haraka kwa kuwa sasa kinga ipo. Vichujio vya barakoa navyo vimekwisha. Kusema kweli mimi yangu nimeshaitundika msumarini. Jasho lote lile linaingia mdomoni. Afadhali kikombe kichungu asubuhi kuliko kushinda na lile dude usoni kutwa.

Wifi yako anakusalimu. Anashona mapazia ya hoteli, nyumba imejaa vitambaa mpaka nakosa pa kukalia.

Kaka yako,
Fundi Rangi


12 Machi

Kaka,

Vaa barakoa. Barua ndiyo hiyo, yanayofuata ni maelezo.

Lori la maji limefika sasa hivi. Hapa kituoni hakuna mtandao wa simu, na dereva huyu ndiye posta yetu, kwa hiyo naandika huku anamwaga maji kwenye tangi. Mwandiko ukiharibika ujue ni haraka, na hasira pia imo.

Nilikuwa na makundi matatu ya panya. Wa kwanza walipewa sumu peke yake, maini yao yakaharibika. Wa pili walinyweshwa mkaidi kwanza, wiki nzima, ndipo wakapewa sumu, na hao waliumia kidogo tu. Wa tatu walipewa sumu kwanza, mkaidi ukaja baadaye. Hao wa tatu waliumia sawasawa na wale wa kwanza. Gazeti liliandika habari za kundi la pili, likawaacha wenzao. Niliwaeleza yote, wakachukua yaliyowapendeza.

Tena sumu niliyotumia ni moja, na niliwapa mara moja. Wewe unavuta thina kutwa, mwaka hadi mwaka. Na panya wangu walikaa kwenye masanduku yenye hewa safi kuliko hicho chumba chako.

Nakueleza jinsi inavyofanya kazi ili usiseme dada yako anakutisha tu. Kwenye jani la mkaidi kuna kemikali zinazoitwa fenoli na flavonoidi. Sumu ikifika kwenye ini inavunjikavunjika, na vile vipande vyake ni vikorofi, vinarukia chochote kilicho karibu na kukiharibu. Kemikali za mkaidi zinavidaka kabla havijafika kwenye seli za ini. Ni kama kipa. Sasa wewe chukua kipa hodari kuliko wote unaowajua, mpigie mipira bila kupumzika kuanzia asubuhi hadi jioni, uone kama hatafungwa.

Bosi wako amefurahi kwa sababu jani ni rahisi kuliko feni. Hilo tu. Mwambie atengeneze feni, na gazeti lile ulishushe ukutani.

Mpe wifi salamu, mwambie akuchungulie kama umevaa.

Mdogo wako


21 Machi

Mama Panya,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa taarifa yako mkuu hapa ni mimi. Uliondoka nyumbani hujui hata kupika uji, leo unaniamuru nivae nisivae.

Kipa wako anachoka, sawa, nimekuelewa. Ndiyo maana tumemwongezea mwenzake. Sasa ni vikombe viwili.

Halafu ngoja nikuambie jambo litakalokufunga mdomo. Unakumbuka mbegu ulizonipa ulipokuja likizo? Nilizipanda tangu wakati ule nyuma ya gereji, pale tulipokuwa tunatupa makopo ya rangi. Nimelima, nimetia samadi, namwagilia kwa mpira asubuhi na jioni. Huko kwenu jangwani mkaidi ni kijiti tu chenye vijani vya kubana, mtu anauonea huruma. Huu wangu umenenepa. Majani mapana, laini, kijani cha kupendeza, ungeyaona ungeuliza ni mmea gani. Na chai yake imekuwa tamu. Haikaushi tena ulimi. Wale waliokuwa wanakunja uso ndio wanaorudi kwa kikombe cha pili. Bosi ameleta mpiga picha, nimepigwa nimeshika mpira wa maji kama mwenye shamba.

Utapata barua kutoka kwa Mkurugenzi wa taasisi yenu. Bosi amemwomba uandike karatasi yenye sahihi yako kwamba chai hii inatosha kuwa kinga kwa wapiga rangi, ili amwonyeshe mkaguzi wa usalama kazini atakapokuja. Usinitie aibu. Nimeshawaambia watu utasaini.

Mimi mzima. Uchovu kidogo tu, joto la msimu huu limezidi. Na chakula chenye mafuta sikitamani siku hizi, mpaka wifi yako ananuna, anadhani nimechoka mapishi yake.

Kaka yako mkubwa, nasema mkubwa,
Fundi Rangi


2 Aprili

Kaka,

Nilipofika pale ulipoandika kwamba chai imekuwa tamu, niliiweka barua chini nikatoka nje.

Nyuma ya tangi letu bomba linavuja, na kuna mkaidi umeota pale, mnene kama wako. Nimechuma majani yake, nikapanda mwambani nikachuma na ya kule, nikayapima yote kwa siku moja na kwa mikono yangu mwenyewe. Ya mwambani yamejaa fenoli. Ya kwenye tangi karibu hayana kitu.

Mmea hautengenezi dawa kwa ajili ya maini yetu. Unajitengenezea wenyewe, jua lisiuunguze na wanyama wasiule. Ukiupa maji na samadi unaacha kuhangaika, unaota majani basi. Ule ukali mliokuwa mnaukunjia uso ndio uliokuwa dawa. Wewe umeuosha kwa mpira wa maji, tena kwa mapenzi yote. Mnakunywa maji ya majani, kaka. Mngechemsha nyasi ingekuwa yale yale.

Usiniamini mimi, jaribu. Dereva anakuletea mfuko mdogo wa majani ya mwambani. Chemsha hayo kwenye glasi moja, na ya kwako glasi nyingine, halafu kila glasi utie msumari wenye kutu uache mpaka kesho yake. Penye ukali wa kweli maji yatageuka meusi kama wino. Pasipo na kitu yatabaki kama yalivyo.

Na kwa kuwa nakujua, soma hapa polepole. Glasi ikiwa nyeusi haimaanishi uvue barakoa. Bosi akiona hivyo atasema basi tulete ya mwambani, mambo yaendelee. Mkatalie. Hata huo wa mwambani sijui unamfanyia nini binadamu anayeishi ndani ya mvuke wa thina. Hakuna anayejua. Hakuna aliyepima.

Barua ya Mkurugenzi imefika. Bosi wako ameiahidi taasisi chumba kipya cha maabara, kwa hiyo walishaniandikia kila kitu, wakaniachia mstari mmoja wa sahihi. Nimeirudisha. Kwenye ule mstari nimeandika: Sitasaini uongo. Kama nimekutia aibu, ivae pamoja na barakoa.

Huo uchovu ni wa nini? Nijibu hilo kabla ya matusi.

Mdogo wako


9 Aprili

Wifi yangu,

Barua hii kaka yako haijui. Naiandika kwenye meza ya cherehani, yeye amelala chumbani, na sasa hivi ni saa nane mchana. Mtu ambaye tangu anioe sijawahi kumwona amelala mchana, hata siku ya homa.

Macho yake yamekuwa ya manjano. Mwanzoni nilidhani ni mwanga unaopita kwenye pazia, maana lilikuwa la dhahabu, nikampeleka mlangoni. Ni ya manjano kweli. Mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa. Anajikuna usiku mzima. Amenunua miwani myeusi, anakwenda nayo kazini, akiulizwa anasema ni fasheni. Na mkaidi anaunywa mpaka nyumbani, anabeba kwenye chupa, haumtoki mkononi.

Majani yako alichemsha, misumari akaitia. Asubuhi glasi yako ilikuwa nyeusi, yake ilikuwa vilevile. Aliitazama muda mrefu. Kisha akazimwaga zote mbili kwenye sinki, akaniambia hakuna kilichotokea na mimi sijaona kitu.

Nimemsihi aende hospitali mpaka sauti imenikauka. Unajua ananijibu nini? "Nikilazwa kwa ini, watasema dawa ya dada yangu ni uongo. Picha yake iko ukutani. Watamcheka." Anakulinda wewe, wifi. Anakufa kimyakimya ili usichekwe na wapiga rangi.

Mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na sifa za dada yake. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini nimechoka kuwa mpole. Yeye hanisikii. Wewe anakuogopa, ingawa anajidai mkubwa. Mwandikie.

Wifi yako, na mapazia yake


14 Aprili

Kaka,

Wacheke. Wacheke mpaka mbavu ziwaume, wachore masikio ya panya kwenye picha yangu, wapulizie rangi uso mzima. Mimi kuchekwa hakuniui. Wewe hilo ini litakuua.

Wifi usimguse hata kwa neno moja. Kama una ugomvi, njoo kwangu.

Siku utakayopokea barua hii, nenda hospitali. Usianze kusema kesho. Waambie unapuliza rangi, waambie feni ilikufa, waambie na mkaidi umekunywa kiasi gani. Usiwafiche hilo kwa ajili yangu, maana majani mengi kiasi hicho kwa mtu sijawahi kuyapima, na huenda nayo yamechangia. Utafiti wangu ukiwa wa kweli utabaki wa kweli hata ukilazwa. Ukiwa wa uongo, acha ufe wenyewe, usife nao.

Unajisifu ulinibeba mgongoni. Ulinibeba, sikatai. Hukunibeba ili nije nikuzike. Nina hasira na nina hofu, kaka.

Karatasi ya pili si yako peke yako. Isome mbele ya wenzako, mbele ya Bosi.

*Kwa mafundi wa gereji,*

*Mimi ndiye yule wa kwenye gazeti. Nilichoonyesha ni kwamba mkaidi mkali wa mwambani, ukinywewa kabla, ulipunguza madhara ya sumu moja kwenye maini ya panya. Panya waliopewa baadaye haukuwasaidia. Sijawahi kuupima kwa watu. Sijawahi kuupima kwa thina. Mkaidi unaomwagiliwa nyuma ya gereji yenu una kemikali kidogo mno, hata kwa panya nisingeutumia. Mtu yeyote atakayewaambia kwamba chai hii ni badala ya feni na barakoa, anatumia jina langu bila ruhusa yangu. Daini feni. Daini vichujio. Msikubali kupuliza bila hivyo.*

*Mtafiti*

Mdogo wako anayekungoja


25 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekwenda. Usiniulize kwa nini ilichukua siku mbili tangu barua ifike, wifi yako ameshaniuliza vya kutosha kwa niaba ya ukoo mzima.

Daktari ni mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alinibonyeza chini ya mbavu nikaruka. Wamepima damu, ini limevimba, na vitu vyake vinavyotakiwa kukaa ndani vimemwagikia kwenye damu. Amesema likipumzishwa linaweza kurudi. Hakusema litarudi, nilimsikiliza vizuri. Thina marufuku. Mkaidi marufuku. Na kitu chochote cha "nimesikia kwa mtu" marufuku. Nilimtajia wewe, akasema mtafiti anayewakataza watu dawa yake mwenyewe angependa kumsalimia.

Gerejini nako nilikwenda, lakini si kwa kupuliza. Nilichukua glasi mbili mpya, zilizolala na misumari, nikazibeba ndani ya ndoo na kitambaa cha pazia juu. Bosi alikuwa amewaita watu kuwaeleza jinsi ya kumjibu mkaguzi. Nikasema nina neno. Akadhani nataka kuisifu chai, akanipisha mbele, maskini.

Nikaziweka juu ya boneti ya gari. Moja nyeusi tii, nyingine ya kwetu, safi, unaona msumari mpaka kichwa. Nikasoma karatasi yako. Sikuruka hata neno.

Bosi hakukasirika, ndilo lililoniudhi. Akatabasamu, akasema, "Basi tatizo limekwisha. Tutaagiza wa mwambani." Ulishaniambia atasema hivyo, na mimi nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia, "Bosi, huo mweusi uliwasaidia panya waliokuwa wanavuta hewa safi. Tupe kwanza hewa ya panya, ndipo tuongee habari za chai." Watu wakacheka. Kisha nikavua miwani, nikawaambia njooni mmoja mmoja mnitazame macho. Hapo hakuna aliyecheka.

Mnyoosha bodi, yule bubu wetu anayesikia kila kitu, alinishika kidevu akageuza uso wangu kwenye mwanga, akatazama, akaenda akaning'iniza glavu zake. Wengine wakafuata. Mabomba ya rangi yakawekwa chini. Bosi akasema hili ni ini la pombe, wote tunajua. Mlinzi wa getini akajibu kutoka nyuma kabisa, "Huyu? Huyu hata soda anaisusia." Bosi akamwamuru anitoe nje. Mlinzi akasema mguu unamuuma.

Nilitoka mwenyewe. Wenzangu wakatoka nyuma yangu, wakakaa nje ya ukuta, na mpaka naandika hivi hawajarudi ndani. Mimi nimefukuzwa. Waliandika ni kwa sababu ya kuharibu boneti.

Naogopa, mdogo wangu. Niliogopa zaidi kabla sijasema.

Kaka yako,
Fundi Rangi


28 Aprili

Kwa: Mtafiti, Kituo cha Jangwani

YAH: KUANDIKIA WAFANYAKAZI WA MDAU WETU BILA IDHINI

Taasisi imepokea malalamiko kwamba umewaandikia wafanyakazi wa mdau wetu maneno yaliyosababisha kusimama kwa kazi. Mawasiliano yote kuhusu matokeo ya utafiti hupitia ofisi hii.

Kuanzia tarehe ya barua hii unaondolewa kituoni. Unatakiwa kukabidhi sampuli, vifaa na matokeo yote, na kuandika barua ya kukanusha kauli zako ndani ya wiki moja. Ukikanusha, ofisi italiangalia suala lako kwa jicho la huruma.

Mkurugenzi


3 Mei

Ndugu Mkurugenzi,

Barua yako imeletwa na lori la maji. Nimeisoma mara moja, ilitosha.

Sampuli nimezifunga kwenye masanduku na kuyaandika. Yaliyoandikwa "mwambani" ni ya mwambani, na yaliyoandikwa "tangi" ni ya tangi. Naomba yasichanganywe, kwa kuwa tofauti iliyopo kati yao imeshampeleka mtu hospitali, na mtu huyo ni kaka yangu. Funguo ziko kwa mpishi wa kituo.

Kukanusha siwezi. Nikanushe lipi? Kwamba kundi la tatu halikupona? Lilikufa mikononi mwangu, na wewe ulitia sahihi ripoti yake. Kwamba sijaupima kwa watu? Nionyeshe mtu niliyempima. Nimesema yale yale niliyokuandikia mwaka jana, tofauti ni kwamba safari hii waliyasikia watu wanaovuta huo mvuke.

Natuma makala nzima kwa jarida: makundi yote matatu, na mkaidi wa mwambani, na wa maji ya bomba. Taasisi ikitaka jina lake liwepo, liwepo juu ya yote. Isipotaka, nitachapisha kwa jina langu peke yake.

Jicho la huruma nakushukuru, lakini wanaolihitaji ni wapiga rangi. Wao ndio waliokosa feni.

Mtafiti


20 Mei

Mama Panya,

Kwa hiyo wamekuhamishia stoo ya kuosha chupa. Nimecheka mpaka wifi yako akaja mbio akidhani ni maumivu. Ngoja nikusimulie ya kwangu uone kama ukoo wetu haukuandikiwa stoo.

Mkaguzi alikuja. Alikuta gereji tupu na mafundi wamekaa nje ya ukuta kwenye maboksi, wengine wanacheza bao la vizibo vya soda. Akauliza kulikoni. Wakampa karatasi yako, ambayo kwa sasa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imekatika katikati, wameigandisha kwa plasta ya kufunikia vioo tunapopiga rangi. Akaisoma, akaingia ndani, akawasha swichi ya feni, haikuzunguka. Akafunga mlango wa chumba cha rangi kwa kufuli lake mwenyewe, akaondoka nao ufunguo.

Bosi alihangaika, kisha akapata akili. Feni ni mpya. Vichujio vya barakoa vimeletwa boksi zima. Wenzangu wamerudi kazini wote, isipokuwa mimi.

Juzi akaniita ofisini. Ameninunulia hadi maji ya chupa, akayafungua mwenyewe. Akasema mimi ni fundi wake wa zamani, hawezi kunitupa, nafasi ya stoo ipo, hakuna thina, ni kukaa na kugawa misasa. Nikasema asante. Akasogeza karatasi. Imeandikwa kwamba nakiri ugonjwa wangu hautokani na kazi ya rangi, na kwamba mkaidi niliunywa kwa hiari yangu nje ya saa za kazi. Imebaki sahihi tu.

Nisikudanganye, mdogo wangu, kalamu niliishika. Nilimfikiria wifi yako, anashona mpaka vidole vinavimba. Nilifikiria dawa, na hili ini ambalo daktari bado anasema linaweza. Macho yameanza kuwa meupe pembeni, ila bado nachoka nikipanda ngazi za kwetu. Stoo ingenifaa. Kisha nikakumbuka kwamba karatasi kama hii uliletewa wewe, ukaambiwa ni mstari mmoja tu. Mimi ndiye niliyekuandikia usinitie aibu. Nikairudisha kalamu. Nikamwambia, "Bosi, kwetu mdogo amekataa. Mkubwa akisaini nitamtazamaje?" Akasema nitajuta. Nikamwambia huenda, lakini nitajuta nikiwa nyumbani kwangu.

Ili kutoka ofisini lazima upite chumba cha rangi, unakijua. Walikuwa wanapuliza basi dogo jeupe. Feni inavuma mpaka husikii mtu. Nikasimama mlangoni niwaage, maana nilijua sirudi tena. Wote wakageuka, barakoa usoni, macho tu ndiyo yanaonekana. Nilitaka wanisemeshe, nakuambia ukweli, nimekaa nao miaka mingi. Mnyoosha bodi akainua mkono. Wakainua wote. Lakini hakuna hata mmoja aliyevua barakoa kuniaga, mdogo wangu, hata mmoja, na nilifurahi mpaka nikatoka pale nalia barabarani mchana kweupe, mtu mzima na miwani yangu.

Kaka yako,
Fundi Rangi